Sura ya Tano: Siku za Nyumba Nzima

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, tangu Novemba ikifika nusu hadi mkesha wa Krismasi, huenea katika mitaa ya mashariki ya Nairobi bidhaa moja ambayo wengi wanaoichukua hawakuinunua wala hawakuiomba, nayo ni kalenda ya ukutani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Jogoo humkabidhi fundi aliyemletea wateja mwaka mzima. Mwenye bucha wa Kayole huikunja akampa mteja wake pamoja na nyama. Chama cha akiba na mikopo huwagawia wanachama siku ya mkutano. Makanisa huwauzia waumini kwa bei ya kuchangia ujenzi. Na misikiti ya Pumwani na Eastleigh hutoa zake zilizopangwa miezi ya Hijria pamoja na nyakati za swala. Nyingi huchapwa katika viwanda vidogo vya River Road na Kirinyaga Road, na karibu zote zina sura moja: picha kubwa juu, jina na nambari ya simu ya mwenye biashara chini yake, kisha miezi kumi na miwili safu kwa safu, sikukuu zikiwa zimetiwa wino mwekundu.

Watu wengi huitundika kwa ajili ya picha, wengine kwa kumstahi aliyewapa, na aghalabu hukaa ukutani mwaka mzima bila kuguswa na kalamu hata mara moja. Hasara hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika sura hii. Naamini kwamba karatasi hiyo ya bure ni chombo bora cha tadbiri kuliko vyombo vingi vya thamani kubwa, na kwamba ubora wake umetokana na mahali ilipo, yaani ukutani, mbele ya macho ya watu wote wa nyumba. Katika nyumba nyingi mpango wa siku hukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo, tuseme kweli, ni mama. Yeye ndiye ajuaye siku ya kliniki ya mtoto mchanga, siku ambayo mfereji hutoa maji, Jumapili ambayo zamu ya chama itamfikia, tarehe ambayo mwalimu ametaka fedha za mtihani, na harusi ya mpwa wake iliyo wiki tatu mbele. Akiugua, au akisafiri kwenda mazishini, nyumba nzima hupotewa na majira. Na hata akiwapo, yeye pekee ndiye alaumiwaye kwa kila kilichosahauliwa, ijapokuwa hakuna aliyemsaidia kukikumbuka. Kalenda iliyoandikwa huutoa mzigo huo kichwani mwake na kuuweka mahali ambapo kila mwenye macho huuona na kila mwenye kalamu huweza kuubeba pamoja naye.

Historia ya mitaa hii hulipa neno hilo uzito zaidi. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na nyumba za reli za Muthurwa zilijengwa katika zama ambazo serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa kibarua mpita njia, mtu mmoja asiye na mke wala watoto karibu naye, anayehitaji mahali pa kulala na ujira wa kumtosha peke yake. Ni mwaka 1954 ndipo kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza kwamba ujira ukadiriwe kwa mahitaji ya mtu pamoja na jamaa yake. Katika mashamba ya walowezi hali ilikuwa nzito zaidi, kwani mwezi wa kibarua ulikuwa tikiti: mwajiri aliitia alama kila siku iliyofanyiwa kazi, na mshahara haukutoka mpaka alama 30 zitimie, hata ikiwa mwezi mwandamo umepita na mwezi wa kalenda nao umepita. Siku ya mvua haikuandikwa. Siku ya homa haikuandikwa. Na mtu aliyeamini kwamba mwezi umekwisha aliambiwa kwamba bado. Wazee waliopitia maisha hayo ndio baadhi ya waliokuja kupanga vyumba vya Bahati, Kaloleni na Maringo, wakaoa, wakazaa, wakasomesha. Ninapoiona kalenda iliyojaa maandishi ya wenyewe katika chumba cha mjukuu wao, naona kwamba kalamu ya kuhesabia siku imehama mkono, na jambo hilo ni kubwa.

Ama kuhusu fedha, ambazo ndizo wasiwasi wa kwanza wa kila nyumba, shida ya Eastlands ni kwamba huingia kwa kipimo kimoja na kutoka kwa kipimo kingine. Mchuuzi wa mitumba wa Gikomba, fundi wa bati wa Kamukunji, mwendesha bodaboda na mama mboga wa Umoja hupata chao siku kwa siku, na kibarua wa mjengo mara nyingi hulipwa Jumamosi. Ilhali kodi ya nyumba hudaiwa ifikapo tarehe tano ya mwezi, na karo hudaiwa mara tatu kwa mwaka, mwanzoni mwa kila muhula. Mtu aliyeshika shilingi 900 Jumanne jioni hujiona ana fedha, wala hakosei, kwani anazo. Kisichoonekana mkononi mwake ni kwamba sehemu ya fedha hizo imekwisha kuwa ya mwenye nyumba tangu asubuhi. Hapo ndipo kalenda hufanya kazi ambayo sijaona kitu kingine kikiifanya vizuri hivyo. Tuseme kodi ya chumba ni shilingi 6,500, na mtu hufanya kazi siku 26 kwa mwezi: sehemu ya kodi katika kila siku ya kazi ni shilingi 250. Aandike 250 juu ya ukurasa wa mwezi, na kila jioni akisha kuziweka kando, katika kibubu au katika simu, aitie siku hiyo alama moja ya wino. Kufikia tarehe 15 hana haja ya kuhesabu. Anatazama ukuta, na vyumba vilivyobaki vyeupe vinamwambia ni siku ngapi zimempita bila kuweka. Mkewe anaviona, na mwanawe mwenye miaka kumi anaviona. Nidhamu ambayo mtu mmoja huishindwa akiwa peke yake hupata nguvu inapokuwa na mashahidi, na mashahidi wa nyumbani ni wapole kuliko wakala wa nyumba anayebisha mlango tarehe sita.

Vivyo hivyo katika chama, mchango wa mzunguko ambao pasipo huo sijui ni nyumba ngapi za mitaa hii zingekuwa na kabati, jiko la gesi au mtoto wa sekondari. Wakiwa wanawake kumi, kila mmoja akatoa shilingi 500 kila Jumapili, kila juma mmoja wao huondoka na 5,000, na mzunguko hutimia kwa majuma kumi. Hesabu hiyo kila mmoja anaijua. Lakini ni wachache wanaokaa mbele ya kalenda kabla ya kura kupigwa, wakahesabu Jumapili zote kumi kwa kidole, wakaona ni ipi iliyo juma moja kabla ya shule kufunguliwa na ipi iliyo katikati ya mwezi usio na haja kubwa. Mwenye kufanya hivyo huweza kumwendea mwenzake mapema, kwa heshima, akamwambia, "Mama Otieno, nibadilishie zamu, mimi nina wa kwenda bweni mwezi wa tano," na mwenzake, naye akiwa ameiona haja yake mwenyewe katika tarehe nyingine, hukubali kwa furaha. Fedha ni zile zile, na watu ni wale wale. Lililoongezeka ni kuziona siku kabla hazijafika.

Maji nayo yana siku zake. Bwawa la Ndakaini, lililo katika Kaunti ya Murang'a na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, ndilo hulipa jiji sehemu kubwa zaidi ya maji yake. Na maji yake yalipopungua, Kampuni ya Maji ya Nairobi ilianza mgawo mwezi Januari 2017, kila mtaa ukapangiwa siku zake katika juma. Tangu hapo maisha ya wengi huko Eastlands yamejipanga kwa siku ya mfereji: siku hiyo nguo hufuliwa, mapipa hujazwa, mitungi ya lita 20 hupangwa foleni. Asiyeiandika huamka siku inayofuata akanunua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, maji ambayo jana yalipita mlangoni pake. Mstari mmoja wa kalamu ya buluu kutoka juu hadi chini katika safu ya siku ya maji hutosha kwa mwezi mzima, na hata msichana wa kazi aliyefika jana kutoka mashambani huuelewa bila kuelezwa mara mbili.

Lakini faida iliyo karibu zaidi na moyo wangu ni ya afya. Katika Pumwani kuna hospitali ya uzazi iliyoanza mwaka 1926 kama Nyumba ya Uzazi ya Lady Grigg, na kwa karibu karne moja maelfu kwa maelfu ya watoto wa Nairobi wamezaliwa humo. Kila mama anayeondoka hospitalini na mwanawe hupewa kitabu cha mama na mtoto, na ndani yake mna ratiba ya chanjo: ile ya kifua kikuu na ya polio wakati wa kuzaliwa, nyingine baada ya majuma 6, kisha 10, kisha 14, halafu ya surua na rubela mtoto akifikisha miezi 9, na tena akifikisha miezi 18. Kitabu hicho ni kizuri, nacho huhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu huo ndio unaokificha: hukaa sandukuni, chini ya vitenge, hata siku ipite. Sasa tazama jinsi karatasi ya ukutani inavyoisaidia hesabu ya majuma, ambayo kwa mwenye kulala saa tatu usiku kucha si hesabu nyepesi. Mtoto aliyezaliwa Jumatatu, tarehe 5 Januari 2026, chanjo zake zote za majuma zitaangukia Jumatatu. Mama ateremshe kidole katika safu ile ile, ahesabu mistari sita, afike tarehe 16 Februari. Mistari minne zaidi, tarehe 16 Machi. Minne tena, tarehe 13 Aprili. Hakuna haja ya kukumbuka mwezi upi una siku 28 na upi una 31, kwani safu yenyewe imekwisha kuhesabu. Na ile ya miezi 9, tarehe 5 Oktoba, nayo mwaka huo huangukia Jumatatu. Baba akiziandika tarehe hizo ukutani siku ile ile mkewe anapotoka hospitalini, amempa zawadi ambayo mashuka mapya hayaifikii.

Yapo maradhi ambayo dawa yake ni subira ya kila siku. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa muda wa miezi 6, na hatari yake kubwa huja baada ya mwezi wa pili, pale mgonjwa anapopata nafuu, akarudi kazini, akaanza kuona kwamba vidonge si vya lazima tena. Mwenye kutia alama kila asubuhi baada ya kumeza huona mwendo aliokwenda na mwendo uliobaki, na jamaa zake huona siku ambayo alama haikutiwa, wakauliza wakati kuuliza bado kunafaa.

Hapa yanipasa kusema neno juu ya siri, kwani katika chumba kimoja chenye watu sita, ambamo mgeni akiketi hutazama ukuta, si kila jambo laweza kuandikwa wazi. Mtu anayechukua dawa za kudumu katika kliniki asiyopenda itajwe ana haki ya kuificha. Msichana anayehesabu siku zake za mwezi ana haki hiyo. Na mke anayeweka akiba ya kumwuguza mama yake, bila kutaka iwe habari ya ukoo mzima, anayo pia. Wanawake wa mitaa hii walipata zamani jawabu la jambo hili, nalo ni nukta. Nukta ndogo pembeni mwa tarehe, au mduara mwembamba, au herufi moja ambayo maana yake inajulikana na mwandishi peke yake, hulinda faragha na huku ikifanya kazi yake yote. Sioni kasoro yoyote katika lugha hiyo ya alama. Nyumba inayokaa pamoja kwa amani haina budi kuwa na mambo ya wote na mambo ya mmoja mmoja, na karatasi moja yaweza kuyachukua yote mawili.

Wako watakaosema kwamba simu imekwisha kuyafanya haya yote, tena simu hulia wakati ukifika, ilhali karatasi ni bubu. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtu mwenye miadi saa nne asubuhi atafanya vyema kuitegesha simu yake. Lakini simu ni ya mtu mmoja: imefungwa kwa nambari ya siri, iko mfukoni mwake, inaondoka naye kwenda kazini, na ikinyakuliwa dirishani mwa matatu inaondoka na mwaka mzima wa familia. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, simu zilizimika moja baada ya nyingine hata asubuhi ikaingia gizani katika nyumba nyingi, na wala haikuwa mara ya mwisho. Fauka ya hayo, simu huonyesha jambo linalokuja, moja moja. Ukuta huonyesha mwezi wote kwa mtazamo mmoja, na humo ndimo msongamano unapoonekana. Mtu akiona harusi, matanga ya mwaka, na karo, yote katika majuma mawili ya Agosti, hupata nafasi ya kusogeza lile linalosogezeka akiwa bado mwezi Juni.

Mwaka 1999 Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, aliandika juu ya tofauti iliyopo kati ya watu wanaonuia jambo kwa ujumla na wale wanaonuia kwa kutaja lini, wapi na kwa njia gani watalifanya. Hao wa pili hutimiza nia zao zaidi sana. Wenye busara wa zamani wasingelistaajabia jambo hilo. "Nitakwenda kumwona babu" ni maneno yaliyokaa mioyoni mwa vijana wengi wa Buruburu na Donholm mwaka baada ya mwaka, hata babu akatangulia mbele ya haki. Nia hiyo ikiandikwa katika chumba cha Jumamosi fulani, hapo hapo huzaa maswali: nauli ni kiasi gani, nani atabaki na watoto, basi huondoka saa ngapi, na jambo lililoanza kuulizwa maswali ya namna hiyo limekwisha kuanza kufanyika.

Mitaa hii ina jambo jingine ambalo kalenda hulihudumia vyema, nalo ni wingi wa hesabu za wakati zinazoishi pamoja. Katika Majengo ya Pumwani, ambako Waislamu wa asili ya pwani na bara wamekaa tangu mwanzo, mwaka wa Hijria wenye siku 354 au 355 huhesabiwa ukuta mmoja na mwaka wa Kizungu, na kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Baba zao wa pwani walikuwa na hesabu nyingine tena, ya mwaka wa jua unaoanza Nairuzi, ambao mabaharia na wakulima waliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, ili kujua wakati wa kusafiri na wakati wa kupanda. Katika Eastleigh wapo Wahabeshi ambao mwaka wao una miezi 13, unaanza Septemba, na Krismasi yao huwa tarehe 7 Januari. Wakristo nao wana Pasaka, ambayo hufuata mwezi mpevu baada ya tarehe 21 Machi, na hivyo huhama kila mwaka. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza kwa kupishana siku chache tu, na katika nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja na mfereji mmoja, jirani anayefunga na jirani anayefunga walipishana alfajiri mmoja akitoka kula daku na mwingine akienda misa. Mwenye kuandika sikukuu za jirani zake pamoja na zake hujua siku ya kupeleka sahani na siku ya kuteremsha sauti ya redio; hili nalihesabu kuwa ni mpangilio mwema sawa na kulipa kodi kwa wakati.

Wala mchapaji hana neno la mwisho. Idd huchapwa kwa kukisia, na Kenya husubiri tangazo la Kadhi Mkuu baada ya mwezi kuandama. Tarehe 10 Oktoba iliitwa Siku ya Moi. Katiba ya 2010 haikuitaja miongoni mwa siku za kitaifa. Mahakama Kuu mwaka 2017 ikaamua kwamba bado ni siku ya mapumziko. Baadaye ikaitwa Utamaduni, na mwaka 2024 ikageuka kuwa Siku ya Mazingira. Tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa ghafla kuwa siku ya kupanda miti, na tarehe 10 Mei 2024 ikawa ya kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko, ambayo Mathare iliyaonja kwa uchungu. Korona ilipofunga shule mwezi Machi 2020, mihula yote iliyochapwa ilibatilika, na haikurudi katika utaratibu wake wa kawaida mpaka Januari 2023. Katika kila mabadiliko hayo, mwenye kalamu alisahihisha karatasi yake kwa mstari mmoja.

Tena zipo tarehe ambazo hakuna mchapaji anayezitia wino mwekundu, na hata hivyo nyumba haiwezi kuzisahau. Tarehe 20 Oktoba sote tunapumzika, kwa ajili ya usiku ule wa 1952 ambao hali ya hatari ilitangazwa na viongozi wakakamatwa. Lakini tarehe 24 Aprili hupita kimya, ingawa Jumamosi ya tarehe hiyo mwaka 1954 askari waliizingira Nairobi, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwatoa watu nje, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini, baadhi yao wasirudi. Katika nyumba kadhaa za Bahati na Shauri Moyo hiyo ndiyo siku ambayo babu alionekana mara ya mwisho. Iandikwe, kwa jina lake, katika kila kalenda mpya, na mtoto akiuliza aelezwe.

Kuhusu namna ya kuitumia, sina mengi. Itundikwe karibu na mlango, ambapo mtu hupita akiingia na kutoka, mbali na jiko, kwani moshi na mvuke huilegeza karatasi kabla ya Juni. Na isitundikwe juu mno, kwa kuwa kalenda asiyoifikia mtoto ni ya watu wazima tu. Kalamu ifungwe kwa uzi pembeni yake. Nimeona kalenda nyingi nzuri zikikaa tupu kwa sababu ya kukosa kalamu tu, wala si kwa uvivu. Ukipewa mbili, chagua ile yenye nafasi kubwa za kuandikia hata kama picha ya nyingine inapendeza zaidi, na ile ya picha umpe jirani. Jumapili jioni, kabla ya chakula, mtu mmoja ausome mwezi kwa sauti, kuanzia kesho hadi Jumapili ijayo, kila mmoja akisikia. Nami ningependa msomaji awe mtoto aliyejifunza kusoma karibuni, kwani atajifunza hesabu ya maisha pamoja na herufi. "Baba, Alhamisi ni tarehe tano," atasema, na baba hatakuwa na budi kujibu.

Karatasi ya mwaka uliokwisha hupata kazi nyingine papo hapo. Hufunika madaftari ya shule, na katika nyumba za mabati za Mathare hubandikwa ukutani kuzuia baridi. Kwa kuwa siku hurudi katika mpangilio wao, kalenda ya 2015 ingefaa tena mwaka 2026, ila Idd hazingeafiki. Mimi hushauri kwamba, kabla ya mkasi kuigusa, watu wawili wakae nayo jioni moja ya Januari, mmoja akiisoma ya zamani na mwingine akiiandika mpya: siku za kuzaliwa, kumbukumbu za marehemu, mihula, zamu za chama zilizobaki, tarehe 30 Juni ambayo ni mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi ya mapato, na miadi ya daktari iliyovuka mwaka. Za jua zihamishwe kwa wino. Za mwezi zirudishwe nyuma siku 11 na ziandikwe kwa penseli: mapumziko ya Idd-ul-Fitri ya mwaka 2025 yalikuwa Jumatatu, tarehe 31 Machi, kwa hiyo ya 2026 iandikwe kwa wepesi karibu na tarehe 20 Machi, wino ungoje mwezi uonekane.